Wasiitwe Ila kwa Maji

Tangu mliponipeleka pwani ya Qurayyat kuniaga kwa kustaafu kwangu, naambiwa jambo mnalolizungumza zaidi ofisini si hotuba yangu, ingawa ilikuwa nzuri, wala si yule nguru tuliyemchoma ufukweni. Mnazungumza jinsi nilivyomshika Salim mkono pale kisimani mpaka saa yake ikamwachia alama. Salim mwenyewe amekwisha nisamehe. Lakini kijana aliyefanya kazi na mimi miaka sita ana haki ya kujua kwa nini mzee mwenye adabu zake alimrukia kwa sababu ya gurudumu la kisima. Naandika kwa ajili yake, na kwa ajili yenu nyote mnaotoka Al Amerat kila asubuhi ndani ya magari yenye baridi, mkafika ofisini Al Khuwair mmechoka kabla ya kazi. Vyeo na mishahara sitavitaja. Vyeo vyangu mnavijua, na vingi nilivipata kabla ya wakati wake.

Mimi ni mtu niliyejijenga mwenyewe. Baba yangu aliuza mkaa Unguja na hakuniachia kitu ila mgongo wa kubebea. Nilisoma kwa taa ya chemli, nikapata nafasi katika chuo cha mifugo huko bara, nikatoka na diploma, wa kwanza katika darasa letu. Tulipoondoka Unguja mwaka 1964, wenzangu walificha bangili na pete katika pindo za nguo. Mimi nilibeba diploma yangu ndani ya bomba la bati, nimelifunga kiunoni chini ya kanzu, na nililala nalo. Mwaka uliofuata niliingia Maskati, mji wa babu yangu ambao sikuwahi kuuona, mji uliofungwa malango usiku na mtu hatembei gizani bila ya taa mkononi. Jamaa walionipokea walinisikiliza nikisema Kiarabu, wakacheka kwa heshima. Kabla mwaka haujesha nilikuwa na kazi.

Ilikuwa kambi ya kampuni ya ujenzi, pwani, na mimi nilitunza mbuzi wa kuchinjwa na ng'ombe watatu wa maziwa. Zana zangu zilikuwa kipimajoto cha kioo, sindano mbili za kuchemsha, kamba ya katani na daftari. Kipimajoto hicho ninacho hadi leo, hakijavunjika, na sijui wangapi kati yenu wanaweza kusema hivyo kuhusu chombo chochote cha ofisi. Mwaka 1966 wakubwa wa kambi wakaanza kupewa wiki ya mapumziko kwenye pwani ya Qurayyat, katika mahema, na walikuwa wamesikia kwamba huko kuna farasi wa mwituni. Msimamizi akauliza nani hapa anajua farasi. Nikanyanyua mkono. Farasi nilikuwa nimewasoma sura mbili.

Safari ya kwanza ilichukua siku nzima kwa Landrova. Barabara haikuwepo; kulikuwa na bonde, mawe ya bonde, na imani ya dereva. Pale zilipo nyumba zenu za Al Amerat tulisimama kupoza injini, na hapakuwa na kitu ila mbuzi na upepo. Tulifika Qurayyat jua likizama. Nje kidogo ya mji, kati ya mashamba ya mitende na uwanda wa chumvi unaoishia kwenye hori la bahari, palikuwa na kisima kimoja, na mlinzi wa kisima akiitwa Khalfan.

Alikuwa makamo yangu, bega moja limepanda juu ya jengine kwa kuvuta kamba, na mfukoni hakukosa dagaa wakavu, akiwatafuna kama wengine wanavyotafuna tambuu. Aliwahi kukaa Pemba miaka tisa akianika karafuu, kwa hiyo tulisema Kiswahili, nami nilishukuru, maana Kiarabu changu cha wakati ule kilitosha kuswalia tu. Nilimweleza mimi ni nani na nimesomea nini. Nilimtolea diploma katika bomba lake. Aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza aone kama na upande wa pili una maandishi, akanirudishia. Tangu siku ile hakuniita kwa jina langu. Aliniita Diploma.

Alfajiri yake nilivaa nguo safi nilizozifukiza udi, kama mtu anayekwenda kukutana na jambo kubwa. Tulikaa nyuma ya ukuta mfupi wa udongo. Maji yalikwisha jaa birikani, lile hodhi la saruji kando ya kisima, jua likatoka, na farasi hawakuonekana. Niliona vumbi lao tu, mbali, wakirudi walikotoka. Khalfan akaninusa begani.

"Yakhe Diploma, umekuja kuona farasi au umekuja kuoa?"

Akanipeleka baharini nikaoga na nguo zangu, nayo ilikuwa miezi ya baridi. Alfajiri ya pili nilinuka chumvi na dagaa kama yeye.

Kisima kile kilikuwa na gurudumu la mti ambalo wenyeji huliita manjur. Kamba hupita juu yake. Maksai akiteremka mteremko wake, ndoo ya ngozi hupanda kutoka chini na kumwaga maji birikani. Mhimili wake hautiwi mafuta, makusudi, ili gurudumu lilie. Kila kisima kina kilio chake, na mwenye shamba hukijua chake akiwa kitandani. Kilio cha kisima cha Khalfan kilianza chini kama mtu anayekumbuka jambo, kikapanda, kikakaa huko juu, kirefu, mpaka hujui kama unakisikia au unakiota. Ukungu ulikuwa umelala juu ya uwanda wa chumvi. Sikuwaona farasi wakija. Niliona ukungu ukiota miguu.

Walikuwa kumi na mmoja, wa rangi ya mchanga na rangi ya chumvi, na mbele yao jike wa kijivu mwenye sikio lililopasuka. Walipita kwanza ufukweni ambako dagaa walikuwa wameanikwa, wakaokota kidogo kwa midomo, kwa adabu, kama wageni kwenye sahani ya halua. Kisha wakaja birikani, wakanywa, moshi ukiwatoka puani. Hakuna aliyekimbia wala aliyesukumana. Mimi nilisahau kwamba nina miguu.

Nilimnong'oneza Khalfan kwamba kitabu changu kinasema farasi hali samaki.

"Wasomee," akasema.

Wale hawakuwa wa mwituni kama wakubwa wa kambi walivyodhani. Zamani sana, alinieleza, tajiri mmoja wa mji alikufa bila ya mtoto. Kabla ya kufa aliwafungua farasi wake wote, akawawekea wakfu kisima kile, mitende sita ya kukilipia, na fungu la dagaa. Masharti yake yalikuwa matatu: wasipandwe, wasiuzwe, wasiitwe ila kwa maji. Ukoo wa Khalfan ndio uliopewa amana. Nao wenye mashamba walikubaliana, baba kwa mtoto, kwamba maadamu farasi wanakunywa hapo na hawaingii mashambani, hakuna atakayewagusa. Usiku wa kwanza watakaoingia kwenye mimea, kila mwenye bunduki ana ruhusa. Maji mengine matamu hayakuwepo karibu. Hori lilikuwa chumvi tupu.

Masharti mawili ya kwanza niliyaelewa mara moja. La tatu nililiona la mapambo, kama waandishi wa zamani walivyopenda kumalizia maneno.

Khalfan ndiye mwalimu wangu wa farasi. Nayasema haya mimi niliyefundishwa na walimu wenye majoho. Alinifundisha kukaa mahali pangu kabla farasi hawajaja, ili wanikute kama jiwe na wasinione nikiwa mtu anayewasili. Nikae upepo ukinipiga usoni. Nisisimame kati yao na njia waliyojia, na nisiondoke mpaka wao waondoke kwanza. Nisiwape hata kokwa ya tende, kwani farasi aliyelishwa na mkono mmoja atafuata kila mkono, na mikono si yote ya Waislamu wema. Nilimuuliza jike wa kijivu anaitwa nani. Akaniambia hana jina, jina ni kamba. Nikayaandika yote katika daftari kwa mwandiko mzuri, nikawafundisha wageni wangu, na kwa misimu miwili wageni waliona walichokuja kukiona, wakarudi kambini wakisema kwa sauti ya chini. Sifa, bila shaka, zilikuja kwangu. Nilizipokea.

Msimu wa baridi wa 1968 nikampeleka injinia mmoja na mkewe kwa wiki moja. Kambini nilikuwa nimesema mbele ya watu kwamba farasi wa Qurayyat huja nikiwataka. Injinia alikuwa mtu mwema ila usingizi wake ulikuwa na nguvu kuliko mimi. Siku nne nilimwamsha alfajiri, siku nne akaniambia kesho. Siku ya tano, kwenye chakula cha mchana, akanambia mbele ya mkewe kwamba kesho wanaondoka, na je, hao farasi wangu wamo katika diploma tu?

Khalfan alikuwa amekwenda mazikoni upande wa pili wa mji. Maksai alikuwa amelala kivulini. Nilikwenda kisimani na wageni nyuma yangu, nikashika kamba kwa mikono yangu, nikaipandisha na kuiteremsha ndoo tupu bila ya kuifikisha kwenye maji. Gurudumu likalia. Lililia vizuri, kilio kile kile.

Wakaja mchana mweupe, mbio, jua kichwani, kwani katika umri wao wote gurudumu lile halikuwahi kulia bila ya sababu. Safari hii waliweza kuonekana wazi, jasho shingoni, na jike wa kijivu alikuwa na mtoto wa wiki chache ubavuni. Alifika birikani kabla ya wenzake, akainamisha kichwa. Nilisikia ulimi wake ukikwaruza saruji. Mara moja, kisha mara ya pili, taratibu, kama mtu anayesoma tena barua asiyoiamini. Kamera ikalia. Mke wa injinia akasogea hatua mbili apate picha ya karibu, jike akanyanyua kichwa, mtoto akarudi nyuma akajigonga mguu kwenye ukingo wa birika, na wote wakageuka wakapotea katika mwanga wa chumvi.

Injinia alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Picha hiyo mnaijua. Ndiyo ile iliyotundikwa ofisini kwangu miaka yote chini ya diploma, na kila aliyeingia amesifu jinsi farasi yule anavyokunywa kwa utulivu. Hanywi. Sikuwahi kumrekebisha mtu.

Khalfan alirudi alasiri. Aliona nyayo, akaenda birikani, akapitisha kiganja ndani yake, chini kabisa. Kisha akaja kwangu, nami nikaanza kueleza kuhusu wageni na kuondoka kwao kesho.

"Maji yalikuwemo?"

"Hayakuwemo."

"Basi umewaongopea," akasema, akaenda kumlisha maksai.

Alfajiri gurudumu lililia, na maji halisi yakajaa mpaka yakamwagika. Ukungu ukaondoka na hapakuwa na kitu ndani yake. Wageni wakapanda gari wakaenda zao na picha zao. Nilimwambia dereva nna udhuru, nitarudi na gari la wiki ijayo. Alfajiri ya pili tukaita tena. Tuliwaona safari hii, wamesimama mbali ukingoni mwa uwanda, masikio mbele, wakisikiliza. Hawakusogea. Jike wa kijivu alikuwa amekwisha ingia ubavu. Mwanawe alisimama kwa miguu mitatu.

Jioni ile wenye mashamba wawili walikuja kisimani. Hawakutukana mtu. Walisema tu kwamba farasi wameonekana karibu na ukuta, na kwamba wao wana watoto na mimea. Khalfan akawaomba siku mbili. Walipoondoka alinambia kwamba farasi mwingine angeweza kuvumilia, lakini anayenyonyesha hafiki huko. Kesho kutwa ataingia shambani mwenyewe, na wenzake watamfuata, kwani humfuata yeye siku zote.

Nikampa shauri lililomo katika kitabu: tuwazunguke na watu, tuwafukuze kuja kwenye maji.

"Utawafukuza mpaka wapi? Mpaka mjini Sur?" Akatafuna dagaa wake kwa muda. "Wewe umewafundisha kwamba sauti hii ni uongo. Sasa peleka maji bila ya sauti. Na usiwatazame, Diploma. Mlipa deni hana haja ya kumtazama mtu usoni."

Tulikata pipa la mafuta nusu, tukalizika katika mchanga pale nyayo zao zilipokoma, hatua kama mia nane kutoka kisimani. Maji niliyachota kwa mkono, bila ya gurudumu, nikayabeba kwa mzega, debe huku na debe huku. Safari kumi na mbili. Ule mgongo alioniachia baba yangu, ambao nilidhani diploma imeustaafisha, ulifanya kazi yake. Ngozi ya bega ilitoka. Khalfan hakunisaidia hata debe moja, nami sikumwomba. Kisha nikakaa mchangani, mgongo wangu kwenye pipa, uso kwenye bahari, kabla ya alfajiri, nikanuka chumvi na dagaa, nikangoja.

Bahari ilikuwa kijivu, haina mstari inapokutana na mbingu. Nilikaa mpaka nikawa sijui kama ni mimi ninayepumua au ni maji. Hapo nikasikia mchanga ukibonyea nyuma yangu, karibu kuliko nilivyowahi kuwa na farasi yeyote. Kukawa kimya kirefu. Kisha mdomo ukagusa maji, na koo likaanza kumeza.

Sikugeuka. Nilitamani kuliko nilivyotamani kitu chochote maishani, na mnanijua mimi si mtu wa kutamani kidogo. Nilihesabu kwa masikio. Jike alikunywa muda mrefu sana. Wakaja wengine, pumzi kwa pumzi, mmoja akapiga chafya na matone yakanipata shingoni. Mwisho nikasikia hatua ndogo isiyo sawa, tatu na kimya, tatu na kimya, na ulimi mdogo ukichezea maji asiyoyahitaji, kwa kuwa mama yake amekunywa. Katika miaka yangu ya kazi nimeona farasi wengi, wa majeshi na wa mashindano. Wale wa asubuhi ile sikuwaona, na ndio ninaowaota.

Walipoondoka Khalfan alikuja kutoka kisimani. Akatazama pipa, akatazama bega langu.

"Wote?" nikamuuliza.

"Na mtoto." Akanipa dagaa mmoja. Nikamla.

Usiku huo hawakuingia mashambani, wala uliofuata. Kila siku tulilisogeza pipa hatua thelathini kuelekea kisimani. Kampuni iliniletea barua mbili za kuniuliza udhuru wangu utakwisha lini, nami nikajibu kwa mwandiko mzuri kwamba ni suala la kitaalamu. Pipa lilipofika kando ya birika, Khalfan alianza kuliliza gurudumu wakati farasi wamekwisha inama wananywa, kwa upole, ndoo moja tu, ili sauti na maji vikutane tena. Mara ya kwanza walitawanyika. Mara ya pili jike alinyanyua kichwa, akasikiliza, akainama. Joto lilipoanza kuingia, aliitwa kutoka horini na akaja.

Tangu hapo mpaka mwaka 1970, kila nilipowapeleka wageni Qurayyat, waliamka alfajiri au walibaki na usingizi wao. Nafasi ya tatu haikuwepo. Niliwakalisha migongo kwenye birika mpaka wasikie farasi wanameza, ndipo wageuke. Wapo waliolalamika kwa msimamizi. Nilimwambia mtaalamu ni mimi. Na mwaka huo malango ya Maskati yalipoachwa wazi usiku na jamaa zetu wakaanza kuingia kwa wingi, serikali ilitafuta watu wenye vyeti, nikamuaga Khalfan nikaenda kwenye kazi mnayoijua. Alinambia nisiisahau diploma. Alikufa miaka kumi iliyopita, nami nilikuwa miongoni mwa waliombeba, kwa bega lile lile.

Basi ndugu zangu, siku mliyonipeleka, tulikuta kisima kina pampu ya dizeli ndani ya kibanda kilichofungwa kufuli, na gurudumu linaning'inia juu yake kama pambo. Mmoja wenu aliuliza kama bado wako farasi. Mtu wa mji akasema watatu au wanne, labda, upande wa horini. Salim akacheka, akasema tuwaite, akatia mkono kwenye gurudumu. Birika lilikuwa kavu. Mengine mnayajua.

Mnajua pia kwamba niliwachotesha maji kwa ndoo na kamba, nyinyi na digrii zenu, makanzu yamelowa mpaka kifuani, na kwamba sikumruhusu mtu kupumzika mpaka birika likajaa. Salim ndiye aliyebeba nyingi zaidi, ingawa mkono ulikuwa unamuuma. Ndipo nikamwambia: haya, sasa lizungushe.

Lililia. Sauti ile ile. Nikawakalisha, migongo kwenye birika. Tulingoja mpaka vivuli vikawa virefu. Hatimaye tukasikia kwato, na mdomo kwenye maji, na koo likimeza, na nikawaambia sasa geukeni.

Alikuwa punda, wa mtu, ana alama ya moto pajani. Alikunywa mpaka akatosheka, akatutazama mmoja mmoja, akaenda zake. Salim aliniuliza kwa sauti ndogo kama huyu naye anahesabiwa. Nikamwambia ajaze tena birika kabla hatujaondoka.